Nyumba ya Bibi Mgongoni mwa Pikapu

Wiki iliyopita jirani yangu alimwaga maganda ya karanga katika banda lake la kuku, kisha mvua ikanyesha. Asubuhi nilipofungua dirisha, harufu ya yale maganda yaliyolowa ikaingia, ile harufu nzito ya udongo na mafuta yaliyoanza kuchacha, nikaanza kucheka peke yangu na mswaki mdomoni. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia nimemkumbuka bibi yangu akigombana na nyani. Amenizoea, akaendelea kufunga viatu vyake.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Nachingwea na Ruangwa mnakumbuka ilivyokuwa Wazungu wa ule mradi wa karanga walipofunga virago. Kila nyumba ilibaki na kitu cha kambi. Huyu alikuwa na karai, yule mlango wa chuma usioingia katika nyumba yake ya udongo, mwingine tairi la trekta alilolipasua awanyweshee mbuzi maji. Baba yangu, aliyekuwa seremala huko kambini, alirudi kwao Nkowe na pikapu, tena pikapu iliyokwisha kutupwa. Iliwaka kwa hendeli na kwa maneno ya Fundi Lukas, rafiki yake, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, ambaye alikuwa akiinama mbele ya injini na kuinong'oneza mambo ambayo mama hakutaka tuyasikie.

Sasa lazima nieleze habari za baba na bibi, la sivyo hamtaelewa kitu. Mama alizaliwa Kilimarondo, na bibi, mama yake mzazi, alikuwa bado anaishi huko. Kwa desturi yetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Wengine hulegeza mtoto wa kwanza akizaliwa. Bibi hakulegeza hata uzi. Aliwahi kuja kutuona Nachingwea, na siku aliyoingia uani nilimwona baba kwa macho yangu akitokea dirishani na kupotelea katika shamba la mihogo. Nilikuwa na miaka kama sita, hakuna aliyenieleza chochote, kwa hiyo nikajieleza mwenyewe: baba anamwogopa bibi. Niliona ana haki, maana bibi alikuwa na sauti aliyoizoeza kufukuza nguruwe mwitu mashambani. Kwa muda mrefu niliamini kila mwanamume ana bibi mmoja duniani wa kumkimbia, na nikawa najiuliza wa mwalimu wetu ni yupi.

Mwaka tuliohamia Nkowe na ile pikapu, mama alikuwa mjamzito. Uzazi uliotangulia ulikuwa mbaya. Mtoto alilia, tukashangilia, kisha jioni hiyohiyo akafa, na mama naye akalala wiki tatu hajui nani kaingia wala nani katoka. Bibi alipata habari wakati mambo yote yamekwisha. Basi safari hii mama alisema neno moja na hakulirudia: "Sizai tena bila mama yangu."

Tatizo lilikuwa magoti ya bibi. Hayakuweza tena kutembea kutoka Kilimarondo mpaka Nkowe, na gari pekee lililokuwa tayari kwenda kumchukua lilikuwa la mkwewe. Baba akamtuma mjomba kwa baiskeli aende kumwomba apande pikapu. Mjomba alirudi baada ya siku tano, mavumbi mpaka kwenye nyusi, akatoa jibu kama alivyopewa: "Anasema, akae mbele bega kwa bega na mkwe? Akae nyuma watu wamwone kama gunia? Atapanda gari la mkwe siku atakapojengewa nyumba ndani yake."

Mama alianza kulia, maana alijua hiyo ni njia ya bibi ya kukataa. Lakini baba alikuwa seremala. Ukimwambia seremala jambo haliwezekani, yeye anauliza vipimo.

"Mama yako ana urefu gani akilala?" akamwuliza mama.

Kazi ikaanza kesho yake. Baba alisimamisha nguzo nne za mninga katika bodi la nyuma, akazungushia mbao za makasha ya kambini, juu akaweka bati. Kioo cha nyuma ya dereva alikiziba kwa ubao ili asije akageuka kwa bahati mbaya akamwona mkwewe. Mlango aliuweka kwa nyuma kabisa, na ndani akatia kitanda chembamba na komeo, bibi ajifungie mwenyewe. Ilipokamilika, Fundi Lukas aliingia saa sita mchana, akakaa kidogo, akatoka akijifuta shingo.

"Nkweo ataiva humo," akasema. "Hatafika nzima. Utampelekea nkeo nyama ya kuchoma."

Baba hakupenda mzaha huo, lakini alijua ni kweli. Akatafuta njia ya kupima joto. Hatukuwa na chombo cha kupimia, kwa hiyo tukamtumia kuku. Alimfungia mtetea mmoja ndani tangu saa nne hadi saa nane, na alipofungua, yule mtetea akatoka mdomo wazi, mabawa yameanguka, akaenda moja kwa moja kuingia katika sufuria ya maji ya mama. Baba akasema ukuta mmoja hautoshi, inatakiwa kuta mbili, na katikati kitu cha kuzuia joto. Akatazama huku na huku. Kitu kilichokuwa kingi kuliko vyote Nkowe wakati ule kilikuwa maganda ya karanga, maana wanawake walikuwa wanamenya mbegu. Tukazoa maganda uani kwa kila mtu. Watu wakasema seremala amepata wazimu, anajenga nyumba ya takataka juu ya gari, na baba akaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akishindilia maganda kati ya ukuta na ukuta kwa mpini wa jembe.

Mtetea alipofungiwa mara ya pili, alitoka anatembea, ingawa hakutaka kuzungumza na mtu. Baba akageukia dari. Chini ya bati akawamba kitambaa cha marekani, na katikati akajaza sufi. Sufi alikwenda kuiangua mwenyewe, akakaa uani siku kumi akiichambua mbegu moja baada ya nyingine, nyuzi zimemjaa kichwani hata akaonekana mzee. Mtetea akafungiwa mara ya tatu. Tulipofungua mlango tulimkuta amekaa kimya pembeni, na alipoinuka palikuwa na yai.

"Sasa nyumba imekubali," alisema baba. Fundi Lukas akalitazama lile yai, akaliomba, akalikaanga.

Mimi wakati wote huo nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nilijua jinsi bibi anavyotunza mbegu. Anaziweka ndani ya kihenge, anazungushia makapi, anafunika, na hazitoki humo mpaka msimu mwingine. Na hapa baba, anayemwogopa bibi, alikuwa anajenga chumba kisicho na dirisha, chenye komeo, kilichojaa maganda pande zote, na kila mtu akimwuliza anajibu, "Humo atakaa vizuri, hataharibika." Sikuhitaji kuelezwa. Bibi alikuwa anaenda kuhifadhiwa. Niliona si jambo baya sana kwa baba, angeweza sasa kupita njiani bila kurukia mihogo, lakini je, bibi angekula nini?

Ndipo nikaanza kuiba mbegu za karanga za mama. Nilichukua kibaba leo, kibaba kesho, nikapanda garini baba akienda kula, nikazimimina kati ya kuta upande wa kitanda, hapo ambapo ubao mmoja ulikuwa na tundu la jicho la mti linalotosha vidole viwili. Nilipiga hesabu yangu: bibi akiona njaa, atachokonoa tundu, karanga zitamwangukia. Mama alisema panya wa mwaka huo ni wakubwa, akaweka mtego. Nilijiona mtoto mwema kupita watoto wote wa Nkowe.

Siku ya safari mama alikuwa mzito kweli, akabaki na jirani yetu, Mama Zuhura. Baba alinichukua mimi, maana bila mtu wa kupitisha maneno safari isingewezekana. Tulipita Ruangwa, tukapita Nachingwea tukamwacha Fundi Lukas kwake, na kesho yake tukafika Kilimarondo. Baba alisimamisha gari nyuma ya kichaka cha mianzi, akaniambia niende nikamwambie bibi nyumba yake imefika.

Bibi alitoka na mkongojo, akaizunguka ile pikapu mara mbili. Aligonga ukuta, akasikiliza. Aliingia, akalala, akanyoosha miguu, na miguu haikugusa ukuta. Alikuwa ametamka sharti mbele ya ukoo mzima na sharti limetimizwa, hakuwa na pa kutokea.

"Mwambie baba yako," akasema akiwa bado amelala, "nyumba ni ndogo."

Nikaenda nyuma ya mianzi nikamwambia baba, "Bibi anasema ni nyumba nzuri kuliko zote." Baba alifurahi mpaka akashindwa kuipata hendeli. Ndivyo nilivyofanya kazi yangu, na sijutii.

Tukaondoka asubuhi, mimi na bibi ndani, baba mbele. Kulikuwa na kamba iliyopita katika tundu dogo hadi kwa dereva, imefungwa kopo lenye kokoto. Ukivuta, kopo linalia, baba anasimama. Barabara ya huko haikuwa barabara, ilikuwa makubaliano tu kati ya mashimo. Gari lilitikisika, kuta zikatikisika, na kitu ambacho sikukiona ni kwamba ubao mmoja wa chini wa ukuta wa nje, upande wa kitanda, ulikuwa umeachia. Karanga za mama zilikuwa zinadondoka barabarani moja moja, mbili mbili, kwa maili nyingi, katika nchi ambayo nyani ni wengi kuliko watu.

Jua lilipofika kichwani rejeta ilianza kufoka. Baba alisimama kando ya korongo lenye maji kidogo chini yake, akachukua debe akashuka. Bibi alijifungia komeo, akajilaza. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya maganda. Ndipo tukasikia mtu anakwangua ukuta.

"Mke mwenzangu," bibi aliniita, kama alivyokuwa akiniita siku zote, "nani huyo?"

"Labda baba."

Bibi alijivutia kanga usoni. "Mwambie nimelala."

"Baba! Bibi amelala!" nikapaza sauti. Kukwangua kukazidi.

"Mwambie mtu mzima hakwangui ukuta wa mama mkwe wake!"

Nikamwambia. Jibu lilikuwa ubao kung'oka. Maganda yakamwagika kitandani, na katikati ya maganda, ndani ya tundu langu la jicho la mti lililokuwa sasa limepasuka kuwa dirisha, ukaingia mkono. Ulikuwa mwembamba, una manyoya tangu kiwiko, una kucha nyeusi, unapapasa godoro. Bibi aliinua pembe ya kanga akautazama kwa makini sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeuliza siri ya nyumba ya watu:

"Somoe, baba yako ana manyoya kiasi hiki?"

Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kumwona. Nikasema baba anayo, lakini si mengi hivyo.

Mkono ukapata karanga, ukatoka, na mahali pake ukaingia uso. Hapo bibi akajua. Alipiga yowe ambalo naamini lilisikika Kiegei, na mimi nikavuta kamba mpaka ikakatika. Nilichungulia nikaona nyani wamejaa, wengine juu ya bati, wengine barabarani wanaokota, na dume moja kubwa limekaa juu ya boneti kama mwenye gari.

Baba alipanda korongo akikimbia. Akafika hatua kumi kutoka kwetu, akaona ukuta una dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mkwewe. Mtu mwingine yeyote angeendelea kukimbia. Baba alisimama, akavua shati, akalifunga kichwani likamfunika macho, akaokota rungu, ndipo akaja vitani.

Alipiga tairi la akiba. Akapiga taa. Akapiga hewa kwa nguvu nyingi. Nyani walimpisha, wakakaa kumtazama. Nadhani hawakuwahi kuona binadamu wa namna ile. Naye kila alipozunguka alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea kwenye ukingo wa korongo, na lile dume limeshuka kwenye boneti linamfuata.

"Baba, kushoto!" nilipiga kelele. Lakini wakati ule kushoto na kulia nilikuwa bado ninavichanganya, na nilipomwambia kushoto alizidi kuukaribia ukingo. "Kulia! Hapana, kushoto!"

Bibi alinisukuma kando. Akatoa kichwa chote katika lile tundu, kanga imemdondoka.

"Wewe baba! Simama hapo hapo! Nyuma yako shimo! Njoo mbele! Mbele yako huyo, mpige! Mpige, nimesema!"

Baba alipigwa na butwaa kwanza. Nina hakika aliogopa ile sauti kuliko korongo na nyani pamoja. Kisha akapiga, na kwa mara ya kwanza siku ile rungu lilikuta kitu. Dume likalia, bibi akalifokea kwa Kimakua maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria, na kundi zima likaingia porini.

Baba alisimama barabarani, kifua wazi, shati kichwani. Bibi akarudisha kichwa ndani, akajifunika vizuri, akakohoa.

"Mke mwenzangu, shuka umwambie baba yako kwamba mimi sikusema na mtu. Nilikuwa nasema na nyani."

Nikashuka nikamwambia. Baba akajibu kutoka ndani ya shati, "Mwambie bibi nyani wamemsikia."

Nilipopanda tena bibi alikuwa ameshika kiganja cha maganda, na katikati ya maganda mna karanga nzima, nono, za mbegu. Akaniuliza nani ametia karanga ukutani. Nikalia, nikamwambia yote. Nikamweleza kwamba baba anamwogopa, anataka kumhifadhi humu kama mbegu, nami sikutaka afe njaa. Bibi alicheka hata gari likayumba. Alipomaliza, alijifuta macho, akanyoosha mkono akabonyeza dari.

"Hii sufi nani aliichambua?"

"Baba. Siku kumi. Alikaa uani mpaka akawa mweupe kichwa kizima."

Aliendelea kubonyeza ile dari kwa kidole, hapa na pale, kama mtu anayetafuta mbegu moja iliyosahaulika. Hakuipata. Kisha akaliziba lile tundu kwa kanga yake, akaifunga vizuri.

"Mwambie awashe gari," akasema. "Mwanangu ananisubiri."

Tulilala Nachingwea, bibi katika nyumba yake, baba kwa Fundi Lukas, na alasiri ya siku ya pili tukaingia Nkowe. Mama Zuhura alikuwa amesimama njiani mikono kichwani. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri na mambo hayaendi. Baba aliruka kutoka usukani, akaenda kujibanza nyuma ya jiko ili mkwewe ashuke. Bibi hakungoja ngazi. Na yale magoti yake, aliruka.

Mlango wa nyumba ukafungwa. Baba hakuweza kukaa. Alichukua nyundo akaanza kuutengeneza ukuta uliong'olewa, na ukuta ulipokwisha akaendelea kugonga misumari mahali pasipohitaji msumari. Mama alipolia, nyundo ilisimama. Mama alipotulia, nyundo ikaendelea. Nilikaa chini ya gari nimeziba masikio, nikiahidi kwamba sitaiba tena mbegu wala kuongeza neno katika maneno ya watu.

Kisha mtoto akalia. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikatoka nikaruka. Baba hakuruka. Aliiweka nyundo chini taratibu, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa pikapu, maana hata mara ile nyingine mtoto alilia.

Bibi akatokea mlangoni amembeba mtoto. Kanga ilikuwa mabegani, uso wote wazi. Nilikimbia kwenda kuupokea ujumbe, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Akanipita kwa macho.

"Kaa pembeni, mke mwenzangu," akasema. Kisha kwa sauti ya kawaida, ambayo sikujua kama anayo: "Baba, njoo."

Baba alizidi kujibana ukutani. Mama Zuhura akashika mdomo.

"Njoo, nimesema. Mkeo mzima. Anataka maji ya kunywa, nami nataka nikamchotee mwenyewe. Mshike mwanao."

Baba alikuja akipapasa, macho ameyafumba, akajikwaa kwenye kinu, akafika mlangoni akanyoosha mikono mbele. Machozi yalikuwa yanatoka hivyohivyo katika macho yaliyofumbwa. Bibi alimtazama kwa muda, mkwewe wa miaka yote hiyo.

"Fumbua macho, mwanangu," akasema, "usije ukamwangusha."

Baba akafumbua, na kabla hajamtazama mtoto, alimtazama bibi.